Meza Iliyokwenda Kazini

Katika kambi ya wafanyakazi wa reli, mjini Elisabethville huko Katanga, meza ya Régine Kapya ililala imesimama. Iliegemezwa ukutani na kufunikwa gunia la makaa lililofuliwa mpaka likapauka, na viti vyake sita vilipandana pembeni karibu kufika dari. Watoto walikatazwa hata kuvigusa. Mume wake, Anaclet, karani wa ofisi ya mizigo, mtu aliyefunga tai hata siku ya kwenda kunyolewa, alikula bukari, ugali wao, kwenye mkeka, sahani juu ya magoti, macho yakiwa kwenye lile gunia.

"Mama Annie," alisema jioni moja, "hii meza iko ya nani?"

"Iko yetu, Baba Annie."

"Kama iko yetu, ju ya nini tunakula chini?"

"Ju tukikula pale, watoto watamwanga mafuta, na mbao itaharibika."

"Meza njo ya kulia! Kazi yake iko ile."

"Kazi ya hii iko ingine. Kula, bukari inapoa."

Anaclet alikula. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyesema kwa sauti, na Régine ndiye aliyesema mwisho.

Mwaka ule wa 1951 Régine alikuwa na miaka ishirini na minane, watoto watatu, na kiwanja kimoja katika mtaa wa Kenya, ambako Waafrika waliruhusiwa kujijengea. Kuta zilikwisha kusimama. Matofali yake yalifyatuliwa kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa papo hapo kwenye kiwanja, kichuguu ambacho watu watatu kabla yake walikikimbia kwa kuona kitawasumbua kukibomoa. Régine alikiona akasema hapo pana nyumba tayari, ni kuigeuza tu. Lililobaki ni paa. Sharti la kiwanja lilikuwa moja na kila mtu alilijua: mvua za mwezi wa kumi zikianza nyumba ikiwa haina mabati, kiwanja kinapewa mtu mwingine pamoja na kuta zake zote. Na kwa kuwa mwanamke mwenye mume hakuweza kuandikiwa kiwanja peke yake, karatasi ilitaka sahihi ya Anaclet.

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke aliye na nyumba ya bure ya kampuni, yenye sakafu ya saruji na bomba la maji mwisho wa mstari, alijitesa hivyo kwa ajili ya nyumba nyingine, inakubidi urudi nyuma miaka ishirini, kwenye jukwaa la stesheni.

Miaka ile bei ya shaba ilianguka, na wafanyakazi wakarudishwa makwao behewa kwa behewa. Baba yake Régine alikuwa mtu wa tanuru, hodari, hana kosa. Hakuna aliyemtukana. Kapita, msimamizi wa kambi, alikuja asubuhi, akaingia bila kupiga hodi kwa sababu mlango haukuwa wa baba yake, akasema nyumba inatakiwa Jumamosi. Mama yake alikuwa amepanda mpapai nyuma ya jiko. Ulikuwa umezaa mara ya kwanza na mapapai yake yalikuwa bado kijani. Jumamosi ile mama aliifagia nyumba yote, kona kwa kona, kwa ajili ya watu asiowajua watakaoingia, halafu akatoka na ufagio mkononi, akakumbuka kwamba hana pa kuuweka. Régine, mtoto wa miaka minane, alikaa juu ya sufuria iliyofunikwa akingoja gari moshi la kwenda Bukama. Sufuria ilikuwa na moto bado. Alihamia upande mmoja, akahamia wa pili, na watu wenye tiketi wakampita.

Alirudi Elisabethville akiwa mke wa karani. Siku ya kwanza Anaclet alimfungulia mlango wa nyumba ya kambi kwa majivuno, akasema, "Ona nyumba yako." Régine aliangalia mlango, akauliza, "Ufunguo wa pili uko kwa nani?" Ulikuwa kwa kapita.

Tangu siku ile alianza. Aliuza mikate ya kukaanga kwenye lango la kambi asubuhi, na munkoyo, togwa ya mahindi, siku za mshahara. Hakununua kitu cha kukatwa kwenye mshahara wa kesho. Anaclet alinunua suti kwa njia hiyo, na baada ya suti kofia, na baada ya kofia akaanza kuzungumzia redio. Régine hakumgombeza. Kila suti ilipokatwa kwenye mshahara, chakula cha nyumbani kilipungua nyama kwa kiasi kile kile. Anaclet alikula sombe, majani ya muhogo matupu, mwezi mzima akiwa amevaa vizuri sana.

Meza ilikuja kwa njia ya tumbo. Bwalya, seremala aliyetokea upande wa Sakania, alikuwa ameitengeneza kwa mti wa mulombwa, mwekundu, kwa agizo la Mzungu mmoja, na yule Mzungu akarudi Ulaya bila kuichukua. Ilikaa katika karakana yake ikimziba njia. Régine alimwambia, "Bwalya, we unakula wapi saa sita?" Bwalya akajibu kwamba hali, kwa sababu hana mke. Wakapatana. Kuanzia msimu wa baridi mmoja mpaka wa pili, seremala yule alikula mikate na bukari ya Régine kila siku ya kazi, akanenepa, akaoa, na meza ikatoka na viti vyake vyote bila faranga moja kupita mkononi.

Sasa, wakati ule serikali ilikuwa imeanza kutoa kadi kwa Waafrika iliowaona wamestaarabika. Mwenye kadi aliweza kutembea mjini usiku bila kibali, na ofisini aliitwa kwa jina lake. Makarani na walimu waliitamani kuliko redio. Lakini kabla ya kuipata, komisheni ya wakaguzi ilikuja nyumbani kwako. Walifungua mlango, wakafunua sufuria, wakatazama choo, wakauliza kama mke anakula pamoja na mume, na juu ya nini. Asiye na meza alijua jibu lake kabla hawajaondoka.

Aliyekuwa wa kwanza kuja alikuwa Zéphirin, rafiki wa Anaclet wa ofisi moja.

"Shemeji, komisheni inakuya kwangu Alhamisi. Uniazime meza, siku moja tu. Mi kwangu hamuna hata kistuli."

Anaclet alikubali kabla Régine hajafungua mdomo, kwa furaha ya kuwa mtu wa kuazimwa. Meza ilikwenda, na iliporudi ilikuwa na alama. Martine, mke wa Zéphirin, kama wanawake wote wa kambi, alizoea kupiga pasi chini, juu ya blanketi iliyokunjwa. Siku ile alitaka kitambaa kinyooke pale pale mezani. Akapiga, mlango ukagongwa, akaiacha pasi ya makaa imekaa akaenda kutazama. Mulombwa ukaungua, ukabaki na alama nyeusi yenye ncha, sura ya pasi kamili.

Martine alikuja kuomba radhi akilia. Régine alipitisha kidole juu ya ile alama.

"Zéphirin alipata kadi?"

"Alipata, yaya," alisema Martine, kama mtu anayemwambia dada yake mkubwa.

"Basi usilie. Hii meza imefanya kazi siku moja kupita bwana yangu mwezi mzima. Mwenye kufuata, atalipa."

Na walilipa. Manesi, makarani, wasimamizi. Walikuja jioni kwa mlango wa nyuma, wakiongea juu ya hali ya hewa kwanza. Régine akaongeza kitambaa cha meza cha kufunika alama, uma, sahani, pazia la dirisha moja. Vitu vyote vilisafiri kwa mkokoteni wa Bwalya. Kambi yote ilijua, na kambi yote ilinyamaza, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imekula mlo mmoja juu ya meza ile au ilitumaini kuula. Mmoja wa wateja wa kwanza alikuwa Désiré, mwalimu aliyetoka Kasai, mtu wa maneno mazuri. Alipata kadi, na hazikupita siku nyingi akateuliwa kukaa kwenye komisheni yenyewe, Mwafrika wa kwanza mle, akitafsiri na kutingisha kichwa.

Faranga za meza Régine hakuziweka chini ya godoro. Kila zilipoingia alikwenda nazo dukani kwa Mgiriki, akanunua mabati hata kama ni mawili, akayaacha pale pale dukani kwa risiti. Mabati hayaombwi na shemeji, wala hayageuki kofia.

Mwezi wa tisa ulipofika, yalibaki mabati ya chumba kimoja. Ndipo Anaclet, ambaye naye alikuwa ameomba kadi, akaja nyumbani na bahasha.

"Mama Annie! Komisheni inakuya kwangu. Alhamisi."

Régine alikuwa akitwanga sombe. Mchi ukasimama. "Alhamisi hii?"

"Hii hii."

"Alhamisi meza iko kwa Léonard."

Léonard alikuwa nesi, wa mstari wa tatu wa nyumba za kambi. Anaclet alicheka kidogo, akidhani ni mzaha.

"Léonard utamwambia hapana."

"Alishalipa. Na faranga zake ziko kwa Mugiriki, zimekuwa mabati."

"Utamurudishia."

"Enda we kwa Mugiriki umwambie arudishe. Atakupatia misumari."

"Régine!" Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Mi njo bwana wa hii nyumba!"

"Hii nyumba? Bwana wake iko ku bureau ya reli. We na mi tuko bageni, tena bageni ba kufagia."

"Basi mi nikakodishe meza ya muntu mwingine? Bibi yangu njo mwenye meza, halafu mi nakodisha? Bantu batakufa na kicheko."

"Bakufe. Mi nilimwambia Léonard ndiyo. Nikigeuka leo, kesho nani atanilipa mbele? Na mabati ya kile chumba kingine yatatoka wapi, pa suti yako?"

Anaclet aliinua bahasha kama vile ilikuwa na masikio ya kusikia alichotaka kusema. "Nisikilize muzuri. Alhamisi, kama ile meza haisimame hapa, mi sitasinye karatasi ya parcelle yako ya Kenya. Mabati yako utajifunika nayo kama blanketi."

Akatoka. Régine akaendelea kutwanga. Sombe ile ililainika kuliko sombe yoyote aliyowahi kupika. Aliipima hali yake kila upande. Akimpa Anaclet meza, angevunja neno, wateja wangemkimbia, na Anaclet angepata kadi ya kumfanya atamani redio, kabati na viatu vya Ulaya vya watoto, yote ya kukatwa kwenye mshahara. Asipompa, sahihi haipo. Lakini kulikuwa na jambo la tatu, na hilo ndilo lililomfanya ashike mchi kwa nguvu: tangu aolewe, mara ya kwanza kabisa, mtu alikuwa amemtishia kwa kile kitu alichokiogopa tangu utoto wake, na mtu huyo alikuwa wa mkeka wake mwenyewe.

Jumatano jioni mkokoteni wa Bwalya ulifika, na meza ikaenda kwa Léonard.

Alhamisi Régine aliufua mkeka, akafagia, akawavika watoto nguo safi. Anaclet alisimama katikati ya chumba kitupu na suti yake, kama mtu anayengoja gari moshi lililokwisha kupita.

Komisheni haikupiga hodi. Mlango ulifunguliwa, akaingia administrateri, Mzungu wa serikali, nyuma yake padri mzee, nyuma ya padri mwalimu Désiré na kofia yake mkononi. Walifunua sufuria. Walitazama choo. Administrateri akageuka pande zote akauliza kwa Kifaransa, na Désiré akatafsiri:

"Bwana anauliza, munakula wapi?"

"Hapa," alisema Régine. "Pa mukeka."

"Hamuna meza?"

"Iko. Iko pa kazi."

Désiré akamgeukia administrateri akasema maneno mengi kuliko matatu yale, na katikati yake Régine, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kuuzia mikate tu, alilishika lile la seremala, kwa kuwa Bwalya aliliandika kwenye mlango wa karakana.

"Sikusema iko kwa seremala, Mwalimu. Haikuvunjika. Nilisema iko pa kazi. Umwambie vile."

"Mama Annie," alinong'ona Anaclet, "Mungu wangu."

Administrateri aliinua mkono. Kumbe Kiswahili cha Katanga alikijua, kama wengi wao, ila hakukitumia siku za komisheni. "Meza inafanya kazi gani, mama?"

"Naikodisha, Bwana. Baba watoto anafanya kazi, mi nafanya kazi, na yeye inafanya."

"Unaikodisha kwa nani?"

"Kwa bantu benye kuwa na bageni."

Padri alishikwa na kikohozi. Administrateri hakucheka. Aliangalia ukuta, mahali ambapo rangi ilikuwa safi zaidi kwa kukingwa na gunia, akaupima kwa macho urefu na upana wake. Asubuhi ile ile, nyumbani kwa Léonard, kikombe kilikuwa kimepinduka na kitambaa kikainuliwa.

"Hiyo meza yako," alisema polepole, "ina alama ya pasi?"

Kofia ya Désiré ilianguka na hakuna aliyeiokota. Régine akiitika, amewauza watu wote wa kambi. Akikana, amesema uongo mbele ya watoto wake, tena uongo wa kipumbavu. Akamtazama yule Mzungu usoni, jambo ambalo halikufanywa.

"Bwana, mulikuja kuangalia muntu mwenye kuomba kadi. Muko naye, huyu, muangalie. Meza yangu haikuomba kadi."

Administrateri alibaki na kalamu hewani. Kisha akaandika kitu kifupi, akatoka, na wengine wakamfuata. Désiré alirudi hatua mbili kuchukua kofia, bila kuinua macho.

Anaclet alikataliwa. Aliambiwa aombe tena baada ya mwaka, nyumba ikiwa na vifaa. Wale waliokwisha kupata kadi hawakunyang'anywa. Kuwanyang'anya kungekuwa kukiri kwamba komisheni ilikunywa chai mezani pale pale mwaka mzima bila kujua. Lakini kuanzia siku ile walikuwa wanafunua kitambaa kabla ya kufunua sufuria. Biashara ya meza ikafa, mabati ya chumba kimoja yakiwa bado hayajapatikana.

Ofisini Anaclet alipata jina jipya.

"Bwana Meza!" alipiga kelele Zéphirin, yeye wa kwanza, mwenye kadi mfukoni. "Leo bibi yako wa miguu mine iko zamu ya usiku?"

"We unacheka? We ulipigia pasi juu yake!"

"Mi nilimuoa siku moja tu, ndugu. We umemuoa milele."

Anaclet alirudi nyumbani, akatupa kofia kitandani, akasema sahihi hiyo wasahau, yeye na mbao wamemalizana. Régine alifungua sanduku, akatoa kikwembe chake kizuri, kile cha Pasaka, akakinyoosha juu ya mkeka, akaanza kukipiga pasi.

"Unaenda wapi na kile?"

"Ku bureau ya mtaa, kesho. Nitajiandikisha mwanamuke wa peke yake. Nitalipa ile kodi yao, halafu parcelle nitaomba kwa jina langu. Sahihi ya muntu sitaihitaji."

Anaclet alikaa chini. Kodi ile ilikuwepo, wanawake wasio na mume waliilipa ili wakae mjini, na jina waliloitwa kwa ajili yake halikusemwa mbele ya watoto.

"Régine. Bantu batakuita malaya."

"Bananiita mwenye mikate. Bananiita mwenye meza. Wewe wanakuita Bwana Meza, na hukukufa. Nitabeba na lile." Akageuza kikwembe upande wa pili. "Lakini sufuria zangu hazitakaa tena ku stesheni. Niliikalia moja ingali na moto, Baba Annie. We ulikuwa ku shule ya mapadri, hukuona."

Hakuwa amemwambia habari ile hata siku moja. Alimwambia sasa, mpaka mpapai, mpaka ufagio wa mama, bila kuacha kupiga pasi. Anaclet alisikiliza akiangalia mlango.

Asubuhi Régine alivaa kikwembe, akamwachia jirani watoto, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya mtaa. Kwenye benchi la nje, kati ya watu waliokuja kwa shida zao, alimkuta mwanamume mwenye tai. Ofisi ya mizigo ilikuwa imefunguliwa zamani, naye alikuwa hapa.

"Usikae," Anaclet alisema. "Nimeshasinye."

Régine alisimama mbele yake.

"Nilipiga hesabu ya ile kodi yako," aliendelea, akitazama viatu vyake. "Kila mwezi, kila mwezi. Ni faranga za bure zile. Tunaweza kununua nazo mulango."

Ilikuwa mara ya kwanza Anaclet kutaja kitu cha kununua ambacho hakivaliwi. Régine alikaa kwenye benchi hata hivyo, karibu naye.

Yalibaki mabati. Kulipokuwa kweupe kabisa, wakati watu wote wapo barabarani, Régine aliipakia meza kwenye mkokoteni na viti vyake sita, hakuifunika gunia, akaenda nayo mpaka kwa mwalimu Désiré. Désiré alifungua mlango nusu. Kupitia ile nusu Régine aliona mkeka, sahani mbili juu yake, na katika fremu ya kioo, ukutani, kadi.

"Mama Annie, mi sikuomba meza."

"Najua, Mwalimu. Mi nauza, sikodishe tena. Wenzako wa komisheni wanaanza kufunua vitambaa. Siku watataka kunywa chai kwa mwenzao, utawakalisha wapi?"

"Unanitisha?"

"Hapana. Wewe sikukusema mbele ya Muzungu, na sitakusema hata usiponunua. Nitaipeleka kwa mwingine, barabara iko ndefu. Lakini we njo unaihitaji kupita wote, ju we uko na kadi na hauko na meza."

Désiré alimtazama, akatazama majirani waliokuwa wamesimama kuangalia mkokoteni. Akataja bei. Régine akataja yake, akashika mpini wa mkokoteni. Désiré akalipa ya Régine.

"Na hii alama ya pasi?" aliuliza, akipitisha kiganja.

"Ufunike. Ao useme bibi yako anapiga pasi."

Mabati ya mwisho yalipigiliwa wakati mawingu yanakusanyika upande wa Kasungami. Bwalya alikuwa juu, Anaclet akampandishia misumari akiwa na tai mabegani, imegeuzwa nyuma isimsumbue. Mkaguzi wa mtaa alipita, akahesabu vyumba, akapiga muhuri. Mvua ya kwanza ilinyesha ikipiga kelele juu ya mabati mapya hata mtu asisikie aliye karibu naye, na Régine hakutaka kusikia kitu kingine.

Siku ya kuhama kambini, Martine alikuja kumsaidia akiwa na ufagio. Régine alimpokonya.

"Acha, Martine."

"Lakini uchafu, yaya. Banaokuja watasema nini?"

"Mama yangu alifagia. Mi sifagie." Akaufunga mlango, akampa kapita ufunguo mkononi mwake kabla hajauomba, akachukua ufagio wake, akaondoka nao.

Nyumba ya Kenya haikuwa na meza. Ilikuwa na vyumba vitatu, na cha nyuma kilipangishwa kwa dereva mmoja ambaye kodi yake ilinunua makaa na chumvi ya nyumba nzima. Mbele ya jiko ulisimama mpapai, aliokuwa ameupanda kabla ya tofali la kwanza. Walikula kwenye mkeka. Anaclet alijifunza kuvua viatu mlangoni, na akaanza kuwaambia wageni wavue, tena kwa ukali zaidi ya mke wake.

Mwaka ulipopita Désiré alikuja jioni moja, akakaa mkekani, akasifu paa. Kisha akasema komisheni imeangalia tena faili la Anaclet. Nyumba ya tofali, mume na mke, watoto shuleni, mambo mazuri. Wangependa kupita tena, Alhamisi, saa sita.

Anaclet alimtazama Régine. Régine alikuwa akikoroga bukari na hakuinua kichwa.

"Saa sita tunakula," Anaclet alisema.

"Wanaweza kuingia mukiwa munakula. Njo wanataka kuona."

"Wapige hodi."

"Ndugu yangu, komisheni—"

"Ile ingine ilikuwa nyumba ya reli, Mwalimu. Hii ina ufunguo moja tu. Wapige hodi. Na viatu, hapa nje."

Alhamisi gari lilisimama barabarani. Watoto walitaka kukimbia kuona, Régine akawakalisha. Nyayo zilikuja mpaka mlangoni, zikafika, na hapo, kwenye mlango wa mbao mpya uliofungwa kwa ndani, zikasimama. Mtu alikohoa. Mwingine akauliza kitu kwa Kifaransa kwa sauti ya chini. Kisha vidole vikagonga, vya kizungu, visivyojua vigonge kwa nguvu gani.

"Hodi?"

Anaclet alianza kuinuka. Régine aliweka mkono juu ya goti lake, akamrudisha chini. Akamaliza tonge lililokuwa mkononi, akalichovya mchuzi vizuri, akalitafuna. Akanawa mikono. Akaifuta kwenye kitambaa, kidole kwa kidole.

"Nani?" aliuliza.